Sauti Mbili za Rimu

Kwaya yetu ya Mkuyuni haikuwa na kinanda. Miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa, kila kwaya yenye mtu wake Dubai ilijipatia kinanda cha umeme, na wengine wakaanza hata kuuza kaseti. Sisi tulikuwa na rimu ya lori, ileile iliyokuwa kengele ya kanisa, imening'inizwa mtini kwa mnyororo. Mwalimu wa kwaya aliigonga mara moja kwa kipande cha nondo, sisi tukachukua do yetu, sauti ya kuanzia, pale, tukaanza. Aliijivunia sana. Alisema chuma hakina mgao wa umeme.

Nikiwa na miaka ishirini na mbili alinipa kazi ya kuanzisha wimbo wa mashindano: mstari wa kwanza peke yangu, kisha kwaya nzima inanipokea. Niliringa wiki nzima. Hata dukani Nyamagana, nilikokuwa nauza vitambaa, nilipima mita huku naimba. Lakini kila nilipoanzisha, besi walinipokea chini, tukawa kama watu wanaogombana. Nyimbo za zamani tulianza kwa fujo hivyohivyo, ila kufikia ubeti wa pili upande mmoja ulikubali yaishe, na waumini wakadhani ndio mtindo wetu. Wimbo huu ulikataa.

"Binti, sauti yako inapaa," mwalimu alisema mbele ya wote. "Jumamosi ikipaa tena nampa mwingine, na kwenye mashindano hutakwenda."

Nilijibu, "Sawa, mwalimu," nikaondoka nimevimba kwa hasira. Nilijua sijapaa. Ila kujua peke yangu hakukunisaidia kitu.

Alhamisi nilitoka kazini mapema nikaenda kwenye rimu. Niligonga, nikasikiliza mpaka mlio ukaisha, nikagonga tena. Mzee mlinzi akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, baba, nasikiliza tu. Akakaa kunitazama.

Mwanzoni nilisikia sauti moja, ile niliyoizoea. Ilipokuwa inafifia ndipo nikaisikia nyingine chini yake, nzito, inavuma. Ilikuwepo siku zote na masikio yangu hayakuijali. Nikashika ukingo kwa vidole, nikagonga: ile nzito ikafa, yangu ikabaki. Nikasogeza vidole kidogo: yangu ikafa, nzito ikabaki. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akasimama. Nikatia alama ya chaki sehemu zote mbili.

Jumamosi sikusubiri kuitwa.

"Shikamoo, mwalimu. Kabla hujanifukuza, naomba leo nigonge mimi."

"Marahaba. Gonga," alisema, akakunja mikono.

Niliwaomba wote wafumbe macho na kila mtu avumishe do aliyoisikia, bila kumsubiri jirani yake. Nikagonga. Soprano na alto wakavuma juu, besi na karibu wanaume wengine wote wakavuma chini. Ilitisha kusikia. Kisha nikashika alama ya kwanza nikagonga tena, na kwaya nzima ikavuma pamoja. Watu walifumbua macho wakaangaliana.

Mwalimu alikuja akaishika rimu mwenyewe, akagonga mara tatu, sikio karibu na chuma.

"Mwalimu," besi mmoja alisema, "miaka yote tunaambiwa besi hatuna masikio."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia," mwalimu alijibu. Akanirudishia nondo. "Tunachukua do ya binti."

Siku ya mashindano tuliipeleka rimu ukumbini kwa mkokoteni. Kwaya za vinanda zilitucheka waziwazi. Besi wawili waliiinua kwa mti mabegani, na mwalimu akanikabidhi nondo.

"Gonga wewe," alininong'oneza. "Mimi sasa nazisikia zote mbili, sijiamini."

Nikashika alama, nikagonga, nikaanzisha. Nilipofika mwisho wa mstari, besi walinipokea palepale nilipowaachia, na sakafu ya mbao ikatetemeka chini ya miguu yangu. Nilifurahi hadi nikakaribia kusahau maneno.

Tulikuwa wa kwanza. Mwamuzi alipouliza ni nani aliyeifundisha kwaya hii kuingia safi namna ile, mwalimu wangu alinishika bega akanisogeza mbele ya wote.