Nywele za Panja

Saloni ya Roselyne Nanjala iko Tuwan, mjini Kitale, katika chumba cha mabati ambacho mlango wake unafungukia barabara ya vumbi. Ndani mna viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na pazia la maua linalokigawanya chumba. Nyuma ya pazia hukaa wateja wa Kiislamu kutoka nyumba za karibu na msikiti, kwa kuwa hawawezi kufunua vichwa mbele ya mlango ulio wazi. Kiti kilicho karibu na mlango ni cha Viola, msusi mwenzake, ambaye ni mdogo kwake kwa umri na mwepesi zaidi wa maneno.

Roselyne husuka akiwa amesimama, na ifikapo mchana miguu yake huwa imevimba juu ya kamba za kandambili. Kila kichwa kina shida yake. Sharifo, mteja wake wa siku nyingi, ana nywele ndefu na laini zinazoteleza. Msuko wake huporomoka usipoanzwa kwa fundo dogo la nywele bandia lililokazwa shinani. Mwenye kipilipili kifupi husukwa kwanza matuta membamba yanayolala kichwani, kisha nywele bandia hushonewa juu yake, kwa sababu nywele zake mwenyewe hazishikiki. Bibi mwenye mvi chache husokotwa mbili mbili, bila kuongezewa chochote. Haya yote Roselyne anayafanya bila kufikiri, macho yakiwa barabarani.

Jambo linalomchosha zaidi ni kichwa chake mwenyewe.

Kwa miaka kadhaa hakuna mtu aliyekiona kikiwa wazi, isipokuwa mumewe, Sifuna, ambaye hajawahi kusema neno. Roselyne hujisuka nyumbani Jumapili alasiri kati ya vioo viwili. Misuko ya mbele huiangusha pembeni, kisha hufunga kitambaa chembamba juu yake. Chini ya kitambaa hicho, kuanzia sikio hadi juu ya nyusi, pande zote mbili, hakuna nywele. Ngozi ya hapo ni laini na inang'aa. Miaka ya kuvutwa imeng'oa nywele za panja hadi zikaacha kuota. Mteja huangalia kichwa cha msusi kabla ya kuangalia picha zilizobandikwa ukutani, na Roselyne aliamini kwamba siku watu watakapoona panja zake, kiti chake kitabaki kitupu.

"Aunty Rose, hicho kisogo kimepinda kama mfereji," Viola alimwambia siku moja. "Si unipatie nikunyooshee?"

"Suka wateja wako, bana."

"Ati msusi anaogopa kusukwa! Hii nitaambia nani na aamini?"

"Ambia huyo uliyemshika. Unamsuka ama unamchezea?"

Mteja wa Viola akacheka, na jambo hilo likaishia hapo kama lilivyoishia mara nyingine.

Kisha baba yake Sifuna, mzee Wepukhulu, akafa huko Tongaren, katika shamba lake la mahindi. Peris, mke wa kifungua mimba wa boma hilo, alimpigia Roselyne simu kabla machozi hayajakauka. Mazishi yangekuwa Jumamosi. Watu wangetoka Bungoma mjini, Nairobi na hata ng'ambo ya mpaka.

"Wanawake wote wa boma tuwe na rasta ndefu, za kufanana," Peris alisema. "Hatutaki kuonekana kama watu wamepigwa na mvua."

"Watu wengi, dada. Wasusi wa Pwani wako na mtindo wa haraka wanaita twende kilioni. Matuta machache ya kurudi nyuma, unamaliza unaenda zako."

"Hizo watasuka kwa kilio chao. Hapa ni kwetu. Kuja na nywele za kutosha."

Roselyne alikwenda Alhamisi na gunia la nywele bandia. Aliwasuka mabinti na wakaza wana wa mzee siku mbili, chini ya turubai, huku watu wakipita na viti na sufuria. Hakuwa na nafasi ya kulia. Peris alikuwa wa mwisho. Kipilipili chake ni kigumu na kifupi, na Roselyne aliushika kila mzizi kwa ncha za kucha akauvuta hadi ngozi ya uso ikasogea.

"Mbona hapa pembeni naona kama pameanza kupungua?" Peris aliuliza, akishika panja.

Roselyne aliziona hizo nywele. Zilikuwa nyembamba kama vumbi la pamba. Alijua zinakoelekea, kwa sababu zake zilikuwa zimeshapita hapo.

"Ni umri, dada," alisema. "Paka mafuta."

"Kichwa kinaniuma hadi macho."

"Ukiumwa ndio zimeshika. Usiku utalala ukiwa umekaa, kesho zitalegea."

Mazishi yalipita vizuri. Picha zilipigwa. Wanawake wa boma walisimama mstari mmoja, misuko yao ikifika kiunoni, na wageni walisema nyumba ya Wepukhulu ina heshima.

Siku ya tatu baada ya mazishi ikawa siku ya kunyoa. Wabukusu huiita *lubeko*. Siku hiyo watu wa nyumba ya marehemu hunyolewa, na nywele zilizokuwapo wakati wa msiba huachwa. Katika boma hilo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Nyanya, mke wa mzee, alipokufa miaka ya nyuma, mchungaji wa kanisa aliongoza sala, kila mtu akakatwa kishungi kidogo utosini, wakanywa chai. Wanawake walitarajia hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna aliyeona kosa kusukwa rasta ndefu siku moja kabla ya kuzika.

Lakini wakati ule Senge Namalwa hakuwapo. Senge, yaani shangazi, ni dada wa mzee, na ameolewa Lwakhakha, mpakani. Safari hii alikuwapo, na wembe ulikuwa mkononi mwake. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, karai la maji ya sabuni likiwa mbele yake. Alimtazama Peris kuanzia kichwani hadi kiunoni.

"Hii yote ni nini?"

"Ni rasta, senge. Tukate tu hapa mbele kidogo."

"Kidogo ya nani? Huyu alikuwa mwenye boma. Nanyoa kichwa chote."

"Sawa. Basi nyoa."

"Nimnyolee ndugu yangu plastiki?" Senge aliushika msuko mmoja, akaunusa. "Hii imetoka kiwandani, haikulia mtu. Wembe wangu haugusi hii. Fumueni kwanza. Nitangoja. Mimi sina mahali naenda."

"Lakini senge, hii itatuchukua siku nzima!"

"Mlikaa siku ngapi mkisukwa? Hiyo haikuwa nzima?"

Wanaume, waliokuwa tayari wamenyolewa upande wa pili wa nyumba, walicheka. Sifuna hakucheka. Alimtazama mke wake, kichwa chake kilichotoka kunyolewa kikimetameta juani, kisha akainamisha macho.

Wanawake walitandika mikeka wakaanza. Kufumua misuko myembamba iliyochovywa ncha zake katika maji ya moto ni kazi ya kuudhi kuliko kusuka. Unakata ncha, unachokoa kwa mkia wa kitana, unachambua, na vidole vinakufa ganzi. Hakuna aliyeimba. Nywele bandia zilirundikwa pembeni kama mkonge, na kuku walizikanyaga. Roselyne, ambaye kila fundo lilikuwa lake, alimfumua Peris. Aliona jinsi mizizi mingine ya panja ilivyotoka pamoja na msuko, kila mmoja ukiwa na nukta nyeupe nchani. Aliikunja kwenye kiganja akaitupa nyuma yake.

Alipomaliza, alisimama.

"Zangu nitafumulia ndani," alisema. "Nimezoea kujifanyia."

Senge hakuinua macho kutoka kwenye jiwe alilokuwa akinolea wembe. "Hapa hakuna mtu anajifumua. Kwani ulifiwa peke yako? Keti. Peris, mfumue."

"Senge, mimi nimechoka, naomba tu—"

"Wote tumechoka. Keti."

Roselyne aliketi. Angeweza kukataa, lakini mkaza mwana anayekataa kunyolewa kwa ajili ya baba mkwe hujadiliwa miaka mingi, na Sifuna ndiye angejibu maswali. Alimpa Peris mgongo wake. Alisikia ncha zikikatwa kisogoni, kisha utosini. Jua lilikuwa limehama kutoka jikoni hadi kwenye ghala la mahindi Peris alipofika mbele, akafungua kitambaa, akainua msuko wa kwanza wa pembeni.

Mikono ikasimama.

"Rose."

"Endelea tu, dada."

"Hii ni nini?"

Peris aliinua misuko ya upande wa pili. Kisha, polepole, akapeleka vidole kwenye panja zake mwenyewe, akagusa mahali palipopungua, akagusa tena.

"Umekaa na hii tangu lini?"

"Kitambo."

"Kitambo. Na Ijumaa nikakuuliza, ukaniambia ni umri."

"Nilikuambia hivyo."

"Ati nipake mafuta!" Sauti ya Peris ilipanda, na mikeka yote ikageuka. "Kuja muone! Kuja muone fundi wetu! Miaka yote ananivuta, nalala nikiwa nimekaa kama mgonjwa, ati ukiumwa ndio zimeshika. Kumbe anajua mahali inaisha!"

"Nyinyi ndio mnasema nivute," Roselyne alisema. Hakuwa na nguvu ya kupaza sauti. "Nikilegeza mnasema sijui kazi. Unatoka Tongaren mpaka Kitale, unataka zikae miezi. Haziwezi kukaa miezi kama hazijavutwa, dada."

"Si ungesema! Ungesema nichague."

"Ningesema, ningebaki na mteja gani?"

Peris alimwangalia. Mabinti wawili wa mzee walikuwa wameshika panja zao bila kujua kwamba wameshika. Wembe uliendelea kukwaruza juu ya jiwe.

"Malizeni," senge akasema. "Jua linaenda."

Peris alimalizia. Hakuvuta. Senge alimweka Roselyne mbele ya karai, akamlowesha, akaupitisha wembe kutoka utosini kwenda chini. Alipofika pembeni, wembe haukukuta kitu. Akapapasa kwa kidole gumba, sikioni hadi kwenye nyusi, halafu upande mwingine.

"Hapa palishanyolewa," alisema. "Nani alikufia?"

"Hakuna, senge. Ni kazi."

Mwanamke mmoja alicheka, kisha mwingine, kicheko kifupi cha watu waliokaa juani tangu asubuhi. Peris hakucheka. Alikaa mbele ya karai baada ya Roselyne, akanyolewa, akaingia nyumbani kwake bila kuagana naye.

Nywele zinapoota baada ya kunyolewa hazifichi chochote. Kichwa cha Roselyne kilifunikwa taratibu na weusi mfupi, isipokuwa zile sehemu mbili, ambazo sasa zilionekana wazi. Alikuwa amerudi Tuwan na hakufunga kitambaa. Alijaribu asubuhi ya kwanza, akajiona kwenye kioo, akaona ni kazi nyingine ya kufanya kabla ya kazi. Akakiacha kitambaa kitandani.

Viola aliangalia mara moja. "Sasa naelewa kisogo kilichopinda," alisema, na hakurudia tena.

Wateja wengine walihamia kwenye kiti cha Viola. Mmoja alisimama mlangoni akamtazama Roselyne, akauliza msusi ameenda wapi. "Ndiye huyo," Viola alijibu. "Ingia ama utuachie mwanga." Hakuingia. Sharifo alibaki. Nyuma ya pazia alimwambia, "Mimi nywele yangu inafunikwa, lakini bado naitaka," na akaomba zilegezwe. Siku zilikuwa ndefu na kiti kilikuwa kitupu mara nyingi zaidi kuliko zamani. Roselyne alikikalia mwenyewe, akapumzisha miguu. Hakujua kama huko kulikuwa kupumzika.

Peris alikuja mahindi yakiwa yameshavunwa. Alisimama mlangoni na leso kichwani.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Niko na harusi ya mtoto wa pastor Jumamosi, na hakuna mtu Tongaren anajua kushika hizi fupi."

"Karibu, dada. Keti."

Alifungua leso. Kipilipili kilikuwa kimerudi, kigumu kama zamani. Roselyne alipapasa panja. Kushoto palikuwa na manyoya mepesi. Kulia palikuwa bado.

"Za hapa tuziache," alisema. "Nitaanzia nyuma yake."

"Si zitaonekana?"

"Zitaonekana."

"Na hizo zingine zitakaa muda gani?"

"Hazitakaa. Zitalegea mapema, itabidi urudi."

"Kitale ni mbali, Rose."

"Basi nitakuja mimi."

Peris aligeuka, akainamisha kichwa. Roselyne alianza kisogoni, tuta jembamba baada ya tuta jembamba, akiacha ngozi ilale mahali pake. Kazi ilikwenda polepole, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na mazoea ya kuvuta na ilibidi kuvizuia kila mara. Viola alizima redio ili asikie.

"Mbona siumwi?" Peris aliuliza baada ya muda.

"Hufai kuumwa."

Roselyne aliendelea kusuka, na chini ya vidole vyake aliihisi shingo ya mwenzake ikiwa bado imekazwa, ikisubiri.