Mguu wa Kushoto Mteremkoni

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile niliyoshusha lori kutoka Kawambwa, mguu wangu wa kushoto ukakataa kunisikiliza. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, wakati samaki wa Ziwa Mweru walipokuwa wakisafirishwa kwa malori mpaka miji ya migodi. Mimi, kijana wa Nchelenge, mtoto wa wavuvi, nilitaka kushika usukani kuliko nilivyotaka kuoa. Usicheke. Siku hizo dereva akipita kijijini hata mbuzi walimpisha.

Mwalimu wangu alikuwa Baba Kasongo, dereva aliyetoka ng'ambo, upande wa Kongo. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Alinifundisha muda mrefu kwenye mchanga wa ufukwe wa Kashikishi: kanyaga klachi, toa gia, achia, kanyaga tena, ndipo uingize nyingine. Malori yale hayakuwa na msamaha. Ukikosea, gia zilisaga meno na watoto wote wa ufukweni wakacheka. Nilijifunza, na pale kwenye tambarare nikajiona fundi. Lakini maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi nyumbani na magunia ya chumvi na unga. Abiria walikaa juu ya magunia, kama ilivyokuwa desturi, na miongoni mwao alikuwamo dada yangu Chola, mwanawe wa kwanza akiwa mgongoni. Juu ya mlima Baba Kasongo akasimamisha lori, tukabadilishana viti.

"Leo ni weye," akasema. "Unashuka na gia ya pili. Usiitoe. Usikanyage klachi. Injini itatushika."

Niliogopa papo hapo, na sikusema. Fahari ya ujana ilinifunga mdomo. Chini kabisa ya mteremko palikuwa na daraja la magogo, jembamba, lisilo na kingo, na tangu tulipoanza kushuka sikuona kitu kingine duniani ila lile daraja.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Injini ilinguruma, lori likashuka taratibu kama ng'ombe mzee. Kisha tukapinda kona, mteremko ukawa mkali, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu.

Hapa lazima nikuambie jambo la kwetu ziwani. Baba yangu alinifundisha tangu utotoni kwamba wimbi kubwa likija nyuma ya mtumbwi, usishindane nalo. Inua kasia, tulia, liache lipite chini yako. Mwili wangu ulilijua hilo kuliko ulivyojua kuvaa viatu. Basi hofu iliponishika, mwili ukafanya ulichozoea. Nikaachia. Mguu wa kushoto ukashuka mpaka mwisho kwenye klachi, ukakaa hapo, na injini ikayaachia magurudumu. Mazoea yana taabu, mwanangu.

Injini ikaacha kunguruma. Palikuwa na kimya kidogo, hata kitamu, nikadhani nimepona. Kisha lori likaanza kukimbia.

Nikakanyaga breki. Ilishika kidogo, ikanuka moshi, ikaacha kushika. Juu watu walimlilia Mungu, "Mwe Lesa! Mwe Lesa!" na katikati ya kelele nikasikia sauti ya Chola ikimwita mama yetu, ambaye alikuwa amekwisha kufa.

"Toa muguu!" akapaza sauti Baba Kasongo. "Muguu ya kushoto! Toa!"

Nilisikia na nilielewa, lakini mguu haukutoka. Niliogopa kwamba nikiuondoa, injini itapasuka na sote tutarushwa porini. Daraja likawa linakuja. Ndipo yule mzee akashusha sauti, kana kwamba tumekaa kwake tunakula.

"Mutoto ya dada yako iko kule juu," akasema. "Toa muguu."

Nikautoa. Injini ililia kilio ambacho mpaka leo sijakisahau. Lori likatikisika lote, kifua changu kikagonga usukani, mwendo ukapungua. Tukavuka magogo yale, gurudumu moja likipita ukingoni kabisa, tukasimama ng'ambo.

Nilitapika kando ya barabara. Chola alikaa chini, akamtoa mtoto mgongoni, akamkagua kidole kwa kidole. Hakunitazama.

"Ulifanya nini?" akaniuliza Baba Kasongo.

"Niliogopa, Baba. Nikaachia."

"Kuogopa si zambi," akasema. "Hata miye minaogopa hapa, kila safari. Lakini mutu akiogopa, anashika. Weye ukiachia, nani atashika batu ya juu?"

Breki zilipopoa aliwaomba abiria wasubiri, akaligeuza lori, akalipandisha mwenyewe mpaka juu. Akaniuliza kama naweza kushuka tena. Nikamwambia siwezi. Akahamia upande wa pili, akafunga mlango, akasubiri. Basi nikashuka nikilia waziwazi, mguu wa kushoto nimeukunja chini ya kiti usije ukanisaliti.

Tulipofika chini abiria walipanda mmoja mmoja, kwa shingo upande. Chola akawa wa mwisho. Alikuja kwanza dirishani, akaniambia kwa Kibemba, "Nitapanda kwa sababu bado unaogopa. Ungeniambia huogopi, ningetembea mpaka Nchelenge."

Nimeendesha malori mpaka nywele zikawa nyeupe, na hofu ile haijanitoka. Kwa hiyo sikuambii usiogope. Hayo husemwa na watu ambao hawajabeba mtu. Ogopa, mwanangu, na uliye naye karibu mwambie mapema kwamba unaogopa. Lakini usiachie. Nimewaona wanaume waliotishwa na maisha wakaachia: mmoja akahamia kwenye pombe, mwingine akavuka ziwa akamwacha mke na watoto, wote wakisema sasa wamepata utulivu. Utulivu huo naujua. Niliusikia mteremkoni, kabla watu hawajaanza kulia.

Mungu akupe mikono inayotetemeka na isiyoachia. Akushushe kila mlima pamoja na wote waliokaa juu ya mzigo wako, asipungue hata mmoja.