Sajenti wa Chumba cha Kufulia

Bi Gunvor Lindmark aliendesha tramu za mji wa Gothenburg, Sweden, miaka thelathini na moja bila kumgonga mtu. Hasira zote alizozimeza barabarani alikuja kuzitapika baada ya kustaafu, kwenye vikaratasi alivyobandika kwa siri katika chumba cha kufulia cha jengo letu. Hakutia sahihi hata kimoja. "Wewe unayeacha nywele za mbwa kwenye chujio la mashine ya kukaushia: tunakuona. Hata mbwa wako anakuonea haya."

Mwenye mbwa ni Torkel, mgane wa ghorofa ya pili. Kila Jumapili yeye na Gunvor hunywa kahawa pamoja, naye haachi kuapa: "Siku nikimjua huyo mwoga, simsemeshi mpaka nife!"

"Hana adabu kabisa," Gunvor humjibu, akimsogezea mkate wa mdalasini.

Kumbe Hedvig wa ghorofa ya nne amekuwa akivibandua vikaratasi hivyo miaka sita. Aliviandikia tasnifu ya udaktari wa fasihi, kurasa mia nne, na siku ya kuitetea akatualika jengo zima. Gunvor alikaa safu ya tatu kando ya Torkel.

Sura ya Umaksi ilimwacha mdomo wazi: eti chujio ni mali ya umma iliyotekwa na mabepari. Ya ufeministi ikamtoa jasho: eti mashine ya kufulia ni tumbo la uzazi. Ya saikolojia ndiyo iliyommaliza.

"Mwandishi," alisema Hedvig, "hamchukii mwenye mbwa. Anamtamani."

Gunvor alipaliwa na mate yake mwenyewe. Torkel akampigapiga mgongoni.

Kisha mtahini, profesa kutoka Copenhagen aliyevaa tai ya kipepeo, akataja dosari aliyoiona: kwa ukali ule wa amri, mwandishi lazima ni mwanamume, pengine sajenti mstaafu.

"Sajenti?" Gunvor alijikuta ameshasimama. "Sajenti bibi yako! Mimi nimeendesha tramu! Na simtamani mtu, nilitaka chujio lisafishwe!"

Maprofesa wote waligeuza shingo kumtazama. Hedvig peke yake hakutikisika.

"Asante, mama Gunvor. Kwetu wahakiki, maoni ya mwandishi ni usomaji mmoja tu kati ya mingi."

Torkel alichukua kofia yake akatoka, hata keki ya kumpongeza Hedvig hakuionja.

Jumapili hakuja. Jumanne, zamu ya Gunvor ya kufua, alikuta chujio limejaa nywele, na juu yake kikaratasi: "Nimeziacha makusudi. Torkel."

Alikisoma mara saba. Akapanda hadi ghorofa ya nne, akihema.

"Hedvig, mwanangu, hapa ananitukana au ananiita?"

"Inategemea. Ukisoma kwa jicho la Umaksi..."

"Umaksi wako uweke kabatini! Niambie jibu moja!"

Daktari mpya wa fasihi alitazama soksi zake.

"Basi... shuka ukamwulize mwandishi."

Gunvor alishuka, kikaratasi kimelowa jasho mkononi. Mlango wa Torkel ulikuwa wazi, kahawa inanukia mpaka kwenye ngazi.

"Kahawa ya Jumapili tumeichelewesha siku mbili, sajenti," alisema Torkel bila kugeuka. "Kaa."