Nilitafuta Hesabu ya Kikatoliki

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Kitabu cha hesabu cha mjukuu wangu Njeri kilikuwa na picha za dadu na karata. Kamari ilishammaliza mwanangu, nikasema huyu haitampata. Baada ya misa hapa mtaani Fedha nikakipeleka kwa padri, Njeri kando yangu, akina mama wa jumuiya wakisikiliza.

“Padri, nitafutie hesabu ya Kikatoliki. Hii inafundisha kamari.”

Akasoma kidogo, akatabasamu. “Shosho, hii inamwonyesha kwa nini mcheza kamari mwishowe hupoteza. Mwache asome.”

Mzigo ukanishuka moyoni, nikajikuta natabasamu mpaka pengo linaonekana.

“Lakini mbona kurasa zimegandana?” padri akauliza.

“Ni shosho,” Njeri akajibu. “Alizimwagia maji ya baraka, chupa nzima.”