Mafuta ya Ng'ombe kwenye Ringi

Ukitaka kugombana na Shimba, uguse Landrova ya kijiji na mikono yenye tope. Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa kando ya ziwa, mbali na Mwanza mjini, na gari lilikuwa hilo hilo moja, dereva ni yeye. Masika ya mwaka ule yalilikuta halina petroli. Likasimama topeni wiki nyingi, kutu ikazila ringi mpaka zikawa na vidonda. Na kutu ya ringi ni mbaya, jamani! Inakwangua mpira wa ndani. Asubuhi umejaza upepo, mchana tairi imekaa chini.

Safari hii Shimba hakutaka mchezo, maana binti yake Justa alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Desturi yao, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mama yake. Mkunga wa zahanati alishamwambia waziwazi:

"Mzee, huyu mtoto amekaa vibaya. Uchungu ukianza tu, mpeleke hospitali mjini. Mimi hapa sitamuweza."

Basi Shimba akalipandisha gari juu ya mawe, akavua magurudumu yote. Akakwangua kutu kwa brashi ya waya, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Rangi iliyobaki kwenye kopo ikatosha kwa ndani tu. Nje apake nini? Grisi haikuwepo; madukani siku hizo ulimkuta mwenye duka na rafu zake tupu. Lakini mfugaji haishiwi akili. Akamwomba mkewe Suzana mafuta ya ng'ombe.

"Makubwa haya!" Suzana akacheka, huku anayeyusha sufuria nzima. "Mimi nakula mboga chukuchuku, gari linakula mafuta!"

"Litambeba mwanao, Mama Justa. Lete."

Akazisiliba ringi, akasiliba tena, mafuta yakachuruzika hadi kwenye tairi. Zilipendeza, msinicheke mimi, zilipendeza kweli. Akarudisha magurudumu, akakaza nati, akatia galoni moja la petroli alilolipata kwa taabu, akawasha injini kuijaribu.

"Mwanangu, gari liko tayari," akamwambia Justa. "Wewe sema tu."

Justa alisema alfajiri ya siku ya pili yake. Shimba akatoka mbio, ufunguo mkononi, mpaka lilipo gari. Landrova imelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Fisi walifuata harufu, wakalamba mafuta, na yalipokwisha wakaingia kwenye tairi. Tatu walizitafuna vipande vipande. Ya akiba ilikuwa moja.

"Baba, twende basi," Justa akaita mlangoni, ameshika tumbo.

Baba mtu akakimbilia kuita majirani. Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakakibeba begani kwenda kuvizia gari barabara kuu. Shimba alitembea pembeni, amemshika mkono. Kwenye vilima vya mawe Justa akamwomba awaambie waende polepole. Baadaye hakuomba tena. Barabarani hawakufika. Walirudi naye na kitoto chake, wamefunikwa kanga moja.

Msibani watu hawakosi la kusema. Wa kwanza walileta lile la kazi ya Mungu haina makosa, na Shimba akatamani kuwafukuza. Wa pili walikuja na lao: fisi gani anakula gari? Huyo katumwa! Mara jina la Bibi Teodora likawa midomoni mwa kila mtu, mjane maskini wa Mungu, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote, nao wakayaita macho ya mchawi. Vijana wakaanza kuulizana yuko wapi, na mapanga wameshayashika.

Shimba akasimama.

"Mwacheni bibi wa watu! Fisi niliwaita mimi. Nililipaka gari mafuta ya ng'ombe. Mwanangu nimemuua mimi."

Suzana akainuka kutoka mkekani walipokaa akina mama.

"Usiseme hivyo, Baba Justa. Mafuta niliyeyusha mimi."

"Nilipaka mimi."

"Niliyeyusha mimi! Sufuria nzima, kwa mikono hii!"

Mapanga yakarudi majumbani, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wale wawili wakabaki uani wananyang'anyana lile kosa, wanalia, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.