Mdogo Wangu na Vitenzi vya Kiitaliano

Darasani sijaingia hata kufagia. Lakini ukiniamsha usingizini nitakuimbia: vado, vai, va, andiamo, andate, vanno. Maana yake ni kwenda. Mimi nakwenda, wewe unakwenda, yule anakwenda, mpaka wote wameondoka kijiji kimebaki na mbwa. Hayo niliyapata jikoni kwa masista wa Kiitaliano, huku kwetu Ufipa, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa nawapikia. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume. Habari za huyo mume tusiziguse, maharage yataungua.

Aliyekuwa anafundishwa si mimi, ni mdogo wangu. Yeye alimaliza darasa la saba, mpole, akicheka anaficha meno kwa kiganja. Shangazi yetu alikuwa mkunga, na mdogo wangu alikuwa akimfuata kila anakoitwa, anashika taa, anachemsha maji, anashika miguu ya watu. Sasa kijiji kilikuwa kimejenga zahanati. Matofali tulifyatua wenyewe, bati likaja, chokaa ikapakwa, mwenyekiti akahutubia. Mkunga hakuna. Masista wakasema kwao Italia kuna shule ya ukunga, watachukua msichana mmoja. Mama Mkuu wao atakuja mwenyewe kumsikiliza. Akiona lugha inapanda, binti anakwenda, atarudi kuzalisha hapa. Isipopanda, nafasi inakwenda misheni nyingine. Na Baba alikuwa ameshaanza kumsikiliza mwanamume mmoja wa Kasanga aliyekuja kuposa, kafiwa na mke, ana mtumbwi na meno machache.

Basi kila baada ya chakula cha mchana Sista mmoja, ndiye mwalimu, anakuja jikoni na mwanafunzi wake. Jikoni kwa sababu kuna moto. Upepo wa huku juu unaujua wewe? Unapita kwenye sweta kama hujalivaa. Sista alikuwa mrefu, pua nyekundu, na alikuwa hawezi kutamka ‘ha’. "Apana! Apana ivyo! Wewe na-sema kama na-lala!" Mimi nachambua maharage, nanyamaza, akitoka tu namwigiza vilevile na pua yake, mdogo wangu anaficha meno.

Alikuwa anafundisha kwa mwili mzima. Jana iko nyuma yake, anaonyesha kwa kidole gumba juu ya bega. Leo anakanyaga sakafu, pa! Kesho iko mbele, upande wa rundo la kuni. Kwa hiyo mimi mpaka leo kesho ya Kiitaliano naiona imepangwa pale, kuni kavu. Hapo nilikuwa naelewa. Hata sisi Wafipa jana yetu si moja: ya asubuhi hii ina kitenzi chake, ya zamani ina chake. Lakini kukawa na neno ambalo Sista hakujua aliweke wapi. Andrei. "Ningekwenda," alisema. Si jana, si leo, si kesho. Akainua mabega, akatazama paa penye masizi. Basi nikajua ningekwenda inakaa pale juu, kwenye moshi.

Lilinikalia hilo neno. Nasonga ugali huku nalitazama. Ningekwenda shule. Ningezaa. Ningemwambia yule mume vile na vile. Nikaona nina mali nyingi sana kule darini, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Mwenyekiti wa kijiji akapita siku moja akasikia kelele, mwalimu na mwanafunzi pamoja: vado! vai! va! Akasimama mlangoni, mikono nyuma, tumbo mbele. "Ndugu wananchi, hiyo ni kaulimbiu ya nani? Mbona kwenye kikao haikupita?" Sista akamwambia ni kitenzi. Akafikiri. "Kitenzi ni sawa. Lakini mbona chenyewe kila mtu anakwenda na hakuna anayelima?"

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ikafika siku ya amri. Sista akavuta kigoda. "Sasa na-niamuru mimi. Mimi ni mgonjwa. Sema: Kaa! Njoo! Kula!"

Mdogo wangu akapiga goti moja, akapiga makofi yale yetu ya kuwaheshimu wakubwa, ya taratibu, viganja vimekunjwa, akanong'ona neno kama anaomba chumvi kwa jirani mgomvi.

"Apana! Iyo si amri! Iyo ni rozari!"

Sista hakujua. Kwetu binti hamwambii mtu mzima kaa. Utasema, "Kiti kipo." Mwenye akili atakaa. Utasema, "Chakula kimepoa." Utasema, "Mbuzi wameonekana mahindini," na Baba atanyanyuka mwenyewe kama wazo ni lake. Nyumba nzima inaendeshwa hivyo, na hakuna aliyeamriwa. Mtoto wa kike akimtolea mkubwa neno tupu, limenyooka hivyo, watu wanauliza amelelewa na nani.

Sista akambadilishia, akamfundisha amri nyingine, ya heshima, ile wanayowaambia wakubwa wao. Kumbe hata amri ya heshima bado ni amri. Goti chini, makofi, sauti ya mbu. Kuku aliweza. Aliwafukuza kuku kwa Kiitaliano mpaka wakahamia kwa Padre. Paka aliweza. Akigeuziwa mtu mwenye mvi, ulimi unalala.

"Kuku ata-kuja kukusikiliza?" Sista akasema. "Mama Mkuu ni kuku?"

Jioni tukawa tunarudi nyumbani. Mdogo wangu akasema, "Dada, najua maneno yote. Mdomo ndio unakataa."

"Basi uambie mdomo ukaolewe Kasanga. Wewe nenda Italia."

Hakucheka. Akasema, "Nikirudi kutoka huko, nikiwa nimezoea kuwaambia wazee kaa, simama, Mama atanifungulia mlango?"

Nikamwigizia Padre anavyopiga chafya.

Mama Mkuu akafika na Landrova kutoka Sumbawanga, shela limekuwa jekundu kwa vumbi. Kibibi kifupi, kinene, kinatembea kama bata aliyevaa viatu vipya. Kiswahili hana. Wakakaa sebuleni kwa masista, yeye kwenye kiti chenye mto, Sista pembeni anasali kwa macho, mdogo wangu ameketi ukingoni mwa benchi. Mimi nilileta chai nikabaki karibu na kabati nafuta kikombe kilichokwisha futwa.

Akamuuliza ya jana, akajibu. Ya leo, akajibu. Ya kesho, akajibu vizuri mpaka Sista akaanza kupata rangi. Kisha kile kibibi kikaegemea nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu, kama mtu anapasua karanga. "Mi dia un ordine." Sista akaeleza: "Anasema, umwamuru."

Mdogo wangu akashuka kutoka kwenye benchi, goti chini. Makofi. Mdomo kimya.

Nikaisikia sufuria yangu jikoni inachemka na kumwagikia moto, sikwenda. Mama Mkuu akasema maneno na Sista, nikaona Sista anatikisa kichwa, anabishana kidogo, ananyamaza. Kisha Sista akamgeukia mdogo wangu. "Ana-sema, mkunga asiyeweza kuamuru ata-ua mama na mtoto. Ana-sema pole sana. Wewe ni binti mzuri."

Hapo nikamwona mtoto wa mama yangu anainua kichwa. Goti liko chini bado, lakini macho yameinuka. Alisema kwa Kiitaliano, polepole, kama mtu anavuka mto kwa mawe. "Se Lei partorisse, Madre, io comanderei."

Sista akashika mdomo. Mama Mkuu akauliza tena, hakuamini. Mdogo wangu akamalizia kwa Kiswahili, Sista akawa anamfasiria: kwamba hawezi kumwamuru mama aliyekaa vizuri anakunywa chai, huo ni utovu wa adabu. Lakini angekuwa anajifungua, angemwamuru. Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu, mkunga hana mkubwa. Shangazi amewafokea wake wa wazee wa kanisa, amemfokea mama mkwe wake mwenyewe, na kesho yake amewapigia goti na hakuna aliyekasirika. Mlango wa mzazi ukifungwa, umri unabaki nje na wanaume.

Kile kibibi kikatazama chai yake. Kikatua kikombe. Halafu, wallahi kama ningeambiwa nisingeamini, kikateremka kwenye kiti, kikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kikainama na kuanza kugumia kama anayejifungua.

Aligumia vibaya. Mimi ni fundi wa sauti, nasema kweli: alikuwa kama mtu aliyekanyaga mwiba. Lakini mdogo wangu alikwisha simama. Hakujipangusa hata goti. Mkono mmoja kiunoni kwa yule mama, mwingine begani, na ikatoka sauti ambayo haikuwa yake, ilikuwa ya Shangazi tupu, ila imevaa Kiitaliano.

"Respiri! Non gridi! Aspetti!"

Apumue, asipige kelele, angoje. Mama Mkuu akapumua. Akataka kuinuka, akacheka kidogo kwa aibu.

"Non rida! Ancora no! Giù!"

Akashuka. Aliambiwa asicheke, na kicheko kikamwisha. Nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe mezani, na jasho limemtoka pale shela linapoanzia. Mdogo wangu anamsugua mgongo chini kwa kiganja, mzunguko, mzunguko, vile Shangazi anavyofanya. Sidhani kama kuna mtu alikuwa amemgusa mgongo yule mama tangu avae lile shela. "Adesso spinga," akamwambia, sasa sukuma, mara hii si kwa kufoka. "Spinga, Madre." Na yule bibi kizee, ambaye hajazaa na hatazaa, kama mimi, akafumba macho akafanya alivyoambiwa.

Sikuona la kuigiza pale. Nilishika kikombe changu.

Ilipokwisha, mdogo wangu alimwinua, akamkalisha, akamrekebishia mto. Kisha akaanguka magoti yote mawili, makofi, kuomba radhi kwa kufoka. Mama Mkuu alikuwa bado hajapata pumzi. Akamnyooshea Sista kidole, akasema neno moja. "Andrà."

Hilo halikuhitaji mfasiri. Lilikuwa upande wa rundo la kuni. Nikafurahi mpaka nikapiga vigelegele. Nilipokuwa jikoni nafuta maji yaliyozima moto ndipo nikalisikia vizuri. Atakwenda.

Akaondoka wakati wa kuvuna ulezi. Tulimsindikiza hadi Sumbawanga, kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Katandala aliyempa nafasi mbele kwa ajili ya Mungu. Aliwapigia goti Baba na Mama, akabarikiwa. Akaja kwangu, mimi mkubwa wake, akaanza kushuka chini. Nikamshika kwapani. "Kuna vumbi, gauni hilo la masista." Nilikuwa nimejiandaa kumwigizia mwenyekiti, nimekwisha toa tumbo mbele, sauti ikakataa, yakatoka machozi mabaya, yale ya kelele.

Akanishika mabega, amesimama wima. "Nyamaza. Vuta pumzi. Nitazame mimi."

Nikavuta pumzi. Nikanyamaza.

Baba aliguna nyuma yetu. "Umesikia? Anamwamuru dada yake. Na gari halijawashwa."