Kicheko cha Mhudumu wa Mochwari

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa mochwari, na watu walimwita Mpole. Jina hilo alipewa na wafiwa. Mtu akija kumtambua wake, Mpole hakumharakisha wala hakumwambia ajikaze. Alisimama pembeni, mikono nyuma, mpaka mwenyewe aitikie kwa kichwa. Kisha alirudisha shuka taratibu, kama anayemfunika mtoto asije akamwamsha. Watu walitoka pale wakisema, heri wetu amepita mikononi mwa yule.

Jumamosi moja alasiri, bintiye alimpeleka sinema.

"Baba, wewe kila siku uko na watu wasiosema neno," alimwambia. "Leo twende ukawaone wanaopiga kelele."

Mpole hakuwa mtu wa sinema, lakini mtoto akishakushika mkono utafanyaje? Wakakaa safu ya kati, pakiti ya bisi katikati yao.

Filamu ilikuwa ya mashujaa, ila mashujaa wenyewe walikuwa waovu watupu: majambazi sita wenye nguvu za ajabu, waliotolewa gerezani na kutumwa kazi ambayo wakubwa hawakutaka kupotezea watu wema. Wakawa wanakufa mmoja mmoja, kila mmoja kifo cha kijinga kuliko cha mwenzake. Mwanzoni Mpole alikunja uso. Damu ile ilikuwa nyekundu mno, na damu yeye aliijua. Halafu akaja jambazi wa sumaku. Alisimama mbele ya jeshi zima, akatanua mikono, akatangaza kwamba atawanyang'anya silaha zote kwa mpigo mmoja. Na kweli zikaja: visu, mapanga, uma za jikoni, kofia za chuma, mwishowe mlango wa lori. Zote zikamwendea yeye. Vumbi lilipotulia zilibaki buti mbili zimesimama wima, na jambazi mwenziwe akauliza, "Sasa hapo tumeshinda au tumeshindwa?"

Mpole akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni kama maji ya bomba lililopasuka. Alijipiga mapaja, akapaliwa na bisi, machozi yakamshuka. Ukumbi ulikuwa umeshanyamaza, yeye bado. Na kama hiyo haitoshi, akasema kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma waliisikia, "Huyo kwetu angeletwa kwenye ndoo."

Bintiye akamfinya mkono, naye mwenyewe hoi kwa kicheko.

Taa zilipowaka, Mpole aligeuka kuchukua koti lake. Safu mbili nyuma, mama mmoja alikuwa amekaa akimtazama. Mpole alimtambua papo hapo. Wiki tatu nyuma alikuja kumtambua mwanawe, kijana fundi mwashi aliyeanguka kutoka jengo la ghorofa nne. Dada wa mama huyo alikuwa amemtoa nyumbani walau apate hewa, akanunua tiketi za filamu ya kwanza aliyoiona kwenye bango.

Mama yule hakufoka. Alimngoja mlangoni, akamwuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia, "Baba, na wangu mlimcheka?"

"La, mama. Hata kidogo."

"Nashukuru," akasema. Dada yake akamshika mkono, wakaenda zao.

Ulikuwa uongo. Siku ile kijana alipoletwa, Mpole na mwenzake wa zamu walimvua viatu wakakuta mguu mmoja una soksi nyeusi ya kiume, na mwingine soksi ya kike, ya zambarau, yenye maua. Mwenzake akasema, "Kulia bwana, kushoto bibi. Tumlaze au tumfungishe ndoa?" Walicheka mpaka wakashika meza. Dakika kumi baadaye Mpole alisimama pembeni, mikono nyuma, mbele ya mama wa yule yule kijana.

Nyumbani alisukuma sahani kando. Mkewe alipomwuliza, akamwambia yote.

"Yamekwisha hayo, baba watoto," mkewe akasema. "Mfiwa ana mzigo wake. Usimtwishe na wako."

Ulikuwa ushauri wa mtu mzima, na Mpole alijua. Hata hivyo siku ya nne alishindwa. Alichungulia anwani ya mama yule kwenye fomu, jambo ambalo hakuruhusiwa kulifanya, akaenda.

Alimkuta mama anamenya viazi, dada yake akikunja nguo zilizofuliwa. Alikaribishwa kiti, hakukaa. Akaeleza yote kama yalivyokuwa, bila kumtaja mwenzake: soksi mbili, mzaha, kicheko. Masikio yalimwaka kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Kisu kilisimama kwenye kiazi.

"Yenye maua?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Ya zambarau."

"Ni yangu. Nimeitafuta, nikadhani imepeperuka kambani." Akachomoa kisu kwenye kiazi. "Asubuhi ile alichelewa. Alivaa alichokishika. Iko wapi?"

Mpole alitamani ardhi ipasuke. "Ilichomwa, mama. Nguo zilizoharibika tunazichoma."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza."

Dada mtu aliweka nguo chini. "Na umekuja kutuambia haya ili iweje?"

 Njia nzima Mpole alijiambia kwamba anakwenda kwa ajili ya mama yule. Pale, amesimama na kofia mkononi, aliona kwamba alikuja kuutua mzigo wake, na ameutua juu ya meza ya mtu mwingine, kati ya maganda ya viazi.

"Mwache," mama akasema. "Nilimwuliza, amejibu." Kisha akamtazama. "Uliponidanganya nililala, baba. Leo sijui nitalalaje. Nenda tu."

Akaenda. Hakusamehewa wala hakulaaniwa.

Tangu siku hiyo hakuna soksi, mkanda wala kitambaa kilichochomwa kabla ndugu hawajaulizwa. Mwenzake analalamika kwamba makabati yamejaa matambara, na mara nyingi ni kweli, maana wengi hawarudi kuyachukua. Bintiye alimwalika tena sinema mara mbili, alisingizia macho.

Wafiwa bado wanamwita Mpole, naye huitika akitazama sakafu. Mwezi uliopita mwenzake alitoa neno juu ya mzee mmoja aliyeletwa na meno ya bandia ya mtu mwingine, na kabla hajajizuia Mpole alicheka tena, kicheko kile kile cha tumboni. Alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi tayari, mpaka mwenzake akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Mlete mzee tumalize."